Mama Kwado wa Keshero na baiskeli zenye tairi nyembamba

Saa moja kasoro robo asubuhi, barabara ya Keshero, mtaa wa Goma, imeshaanza kunguruma kwa pikipiki zinazopeleka watu mjini. Kando yake, mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkeno, Marie-Louise Kavugho ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ameushika mpira wa ndani wa baiskeli kwa mikono miwili, ameuinua hadi usoni, na sasa anauzungusha taratibu karibu na midomo yake. Macho ameyafumba.

Beseni la maji liko miguuni pake, lakini hajalihitaji bado. Ngozi ya mdomo, anasema, huusikia upepo kabla jicho halijaona povu.

“Iko hapa,” anasema ghafla, na kuweka kidole.

“Toka kwa valve, vidole ngapi?” anauliza mumewe.

“Saba. Upande wa kushoto.”

Mumewe, Adalbert Paluku, yuko kwenye kiti cha plastiki pembeni yake. Mkono wake wa kulia umelala mapajani, gurudumu limeegemea goti. Kwa mkono wa kushoto anapima upana wa vidole saba kutoka kwenye valvu, pale panapotiwa upepo, kisha anaingiza dole gumba ndani ya tairi na kulipapasa. Haharakishi. Hata maneno yake hutoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

“Kioo,” anasema hatimaye. Kwenye ncha ya dole gumba inametameta chembe isiyozidi punje ya sukari.

“Muzee ameishamukamata mwizi,” Marie-Louise anasema huku akicheka. Anaifuta ile chembe kidoleni mwa mumewe kwa pindo la kitenge chake, polepole, ingawa wateja wawili tayari wamesimama wakisubiri.

Ndivyo wanavyogawana kazi. Mke hutafuta tundu na kuliziba, mume hutafuta kilichotoboa. Mpira ukizibwa huku mwiba, kioo au jiwe limeachwa ndani ya tairi, mteja atarudi kabla ya saa sita, tena akiwa amekasirika.

Marie-Louise, mwenye umri wa miaka 51 na mama wa watoto wanne, ni kwado, jina ambalo wakazi wa Goma humpa fundi wa kuziba pancha. Wanawake wanaofanya kazi hiyo hapa mjini ni wa kuhesabu. Anayekabidhiwa baiskeli za mashindano, zile zenye tairi nyembamba kama kidole cha mtu mzima, labda ni yeye peke yake.

Miaka mitatu iliyopita hakujua lolote kuhusu kazi hii. Alikuwa akiuza sombe katika soko dogo la mtaani, akitwanga majani ya muhogo kuanzia alfajiri.

“Sikujua hata tofauti ya tairi na mupira wa ndani,” anasema. “Kwangu yote ilikuwa pneu tu. Ile ilikuwa kazi ya Papa Guylain, mimi nilikuwa na kinu yangu.”

Papa Guylain ndiye Adalbert. Guylain, mtoto wao wa kwanza, sasa ana familia yake Butembo, mji ambao Adalbert aliuacha akiwa kijana wa miaka 24. Alifika Goma na sanduku la mbao lenye vifaa, akaliweka mbele ya ukuta huu, na kwa miaka 26 hakuhama.

Adhuhuri moja ya mwezi Februari, alikuwa akiijaza upepo baiskeli ya mchuuzi wa ndizi. Aliiachia pampu, akakaa chini. Watu walidhani amechoka. Mchuuzi alimwambia, “Pumzika, muzee,” akaendelea kupampu mwenyewe. Ni pale alipomaliza na kutaka kulipa ndipo aliona mdomo wa fundi umekwenda upande.

Kilikuwa kiharusi. Adalbert alilazwa siku ishirini na tatu. Aliporudi nyumbani, upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na sauti yake haikurudi naye.

Sanduku la vifaa likasukumwa chini ya kitanda. Wateja wakatafuta mafundi wengine. Sombe iliwalisha, lakini haikufika kwenye dawa.

Aliyefanya sanduku lile litoke chini ya kitanda ni jirani yao, Ntirenganya, mzee anayebeba maziwa kwa baiskeli kila siku hadi mtaa wa Birere. Asubuhi moja alipata pancha mbele ya mlango wao. Kwa mazoea ya miaka mingi, akabisha hodi.

“Mama Guylain, jaribu tu,” alimwambia. “Hata ukiiharibu, imeishaharibika.”

Marie-Louise akajaribu. Aliona tundu, akapaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo. Ntirenganya hakufika hata kwenye kona. Akarudi. Kiraka cha pili kikabanduka mikononi mwa Marie-Louise. Cha tatu kilidumu hadi mzee alipopandisha madumu ya maziwa.

Muda wote huo Adalbert alikuwa ameketi mlangoni, akitazama. Kila kiraka kilipobanduka, alijipiga paja kwa mkono wa kushoto, akageuza uso kutazama ukuta.

“Nilifikiri anaona haya,” Marie-Louise anakumbuka. “Bibi yake, ni mimi, ameshika kazi yake mbele ya batu, tena anaiharibu. Nilienda nyuma ya nyumba, nikalia kule, sikutaka aone.”

Akanawa uso, akarudi, akachukua kiraka cha nne. Alipofungua gundi, alisikia sauti nyuma yake. Adalbert alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka. Alikuwa akisukuma kitu nje ya kinywa chake.

“Sugua,” alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi mitano.

Marie-Louise alikuwa akipaka gundi juu ya mpira laini bila kuukwaruza kwanza, na juu ya ulaini huo hakuna kiraka kinachoshika. Mumewe alikuwa ameliona kosa tangu kiraka cha kwanza, na hakuwa na njia ya kulitaja.

“Hakuita jina yangu. Hakuita jina ya Mungu,” anasema Marie-Louise, akicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja. “Alisema ‘sugua’. Basi nikasugua! Nilisugua ule mupira mupaka muzee Ntirenganya akasema, ‘Mama, acha, utaumaliza.’”

Kiraka hicho kilifika Birere na madumu yote ya maziwa, kikarudi.

Maneno mengine yalifuata, kila moja kwa siku yake. Ngoja, kwa maana gundi iachwe ikauke hadi isinate kidoleni. Geuza. Kandamiza. Kwa miezi mitatu hivi, maongezi yote ya wenzi hawa yalikuwa kuhusu matairi. Marie-Louise alikuwa akimuuliza maswali ambayo majibu yake alishayajua, ili tu amsikie anasema.

Wateja wakarudi kidogo kidogo, na sanduku likarudi mbele ya ukuta. Kisha, mwaka jana, ikaja baiskeli ya Charline.

Charline Uwimbabazi ana miaka 22. Anasomea uuguzi, na wazazi wake ni wakulima waliotokea Rutshuru. Anashindana kwa ajili ya kikundi kidogo cha waendesha baiskeli hapa mjini, juu ya baiskeli ya mbio iliyotumika, ambayo kikundi kilipewa na msamaria kutoka ng’ambo. Siku alipoileta kwa mara ya kwanza, Marie-Louise aliogopa kuigusa.

“Ilikuwa nyepesi sawa kuku,” anasema. “Na pneu yake, nikajiuliza, hii inabeba mutu namna gani?”

Tairi la baiskeli ya maziwa huridhika na upepo wa kawaida. La Charline lilitaka mara tatu yake, na valvu yake ilikuwa nyembamba, yenye kichwa kidogo kinachopaswa kufunguliwa kwa ncha za vidole. Marie-Louise aliziba tundu. Kesho yake Charline akarudi, tairi la nyuma limelala. Akaziba tena. Katika wiki moja, tairi lile lilitoboka mara nne.

Kocha wa kikundi, Honoré, alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole, na Marie-Louise anasema upole wake ndio uliomuumiza zaidi.

“Mama, niko nakuheshimu sana,” alimwambia. “Lakini course ya baiskeli iko baada ya wiki tatu. Ikitoboka tena, nitatafuta fundi mwingine. Tusikasirikiane.”

Ilitoboka tena. Asubuhi ya Ijumaa Charline alionekana akija kwa miguu, baiskeli begani, viatu vyake vya mashindano vimening’inia shingoni kwa kamba. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa chini, akaficha uso kwenye magoti.

“Nilitaka kumuambia aende kwa ule fundi mwingine,” anasema Marie-Louise. “Maneno ilikuwa hapa kwa ulimi. Njo pale Papa Guylain akasema, ‘Leta.’”

Adalbert alikuwa akitoa maneno tu siku hizo. Tangu augue, hakuwahi kuomba kushika chochote. Sasa alinyoosha mkono wa kushoto.

Kwanza alitaka mipira yote iliyozibwa wiki ile. Ilikuwa mitatu, mmoja ukiwa umezibwa mara mbili. Marie-Louise aliitundika ukutani mmoja mmoja, valvu zikiwa juu. Viraka vyote vilikuwa mahali pamoja, kimo kimoja kutoka kwenye valvu.

Hapo ndipo Marie-Louise alipoelewa kwa nini mumewe, tangu zamani, hufunga kila tairi huku jina la kiwanda lililoandikwa juu yake likiwa limekaa sawa na valvu. Tundu la mpira likishaonekana, fundi anajua pa kutafuta kwenye tairi. Yeye alikuwa akiifuata desturi hiyo bila kujua sababu yake.

“Nilipapasa pale,” alimwambia. “Mara quatre nilipapasa. Hakuna kitu.”

Adalbert alikishika kiganja cha mkewe, akakigeuza. Ngozi ya vidole ilikuwa ngumu kama ya kisigino, kwa miaka mingi ya mchi. Kisha akamwonyesha dole gumba lake la kushoto. Mkono ule haukuwahi kuwa wa kazi. Maisha yake yote alifanya kazi kwa wa kulia. Ulikuwa laini.

Akaingiza dole gumba kwenye tairi. Charline aliinua uso.

Adalbert alipita mahali pale mara moja, hakuna kitu. Akalikunja tairi kwa nje, akiliminya dhidi ya goti kama linavyominywa na uzito wa mpanda baiskeli. Akapita tena. Mara akashtuka na kuvuta kidole. Kitone cha damu.

“Waya,” alisema.

Ulikuwa mwembamba kama unywele, umezama wima ndani ya unene wa tairi. Tairi likiwa tupu, ulijificha. Likilemewa na uzito, ulichomoza. Nyaya za namna hiyo zimejaa barabarani, zinatoka kwenye matairi ya malori yaliyochakaa au yaliyochomwa moto. Koleo ilikuwa kubwa mno kuushika. Charline alipekua mkoba wake, akatoa kibano cha nyusi.

Adalbert aliuvuta mwenyewe. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Ulipotoka, aliuweka kwenye kiganja cha mkewe. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, na machozi yakamtoka pande zote mbili.

“Aksanti, Muzee,” Charline alisema. “Aksanti sana.”

Jumatatu iliyofuata, Marie-Louise alikisogeza kiti cha mumewe kutoka pembeni, akakiweka karibu na ndoo yake, mahali pa fundi.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu kabla ya mashindano. Marie-Louise aliamua kuzitumia kwa jambo ambalo Charline hakulipenda.

“Nilimuambia, kule barabarani mimi sitakuwa. Keti chini, tosha pneu.”

Charline alilitoa tairi na kulirudisha. Mara ya kwanza alichukua karibu nusu saa. Mara ya pili aliubana mpira mpya kwa chuma cha kung’olea tairi, akautoboa kabla haujaona barabara. Aliambiwa atie upepo kidogo kwanza ili mpira ukae mviringo, na sehemu ya mwisho ya tairi aisukume kwa madole gumba, siyo kwa chuma. Kucha zikavunjika. Siku moja aliitupa pampu chini na kusema yeye ni mukimbiaji wa baiskeli, siyo fundi.

“Nilimuacha alie,” anasema Marie-Louise. “Halafu nikamupa chai. Halafu nikamupa pampu.”

Walimfundisha pia kuizuia pancha kabla haijaja. Kila baada ya mazoezi, tairi lifutwe kwa kitambaa na kukaguliwa, maana vioo vidogo huingia taratibu, siku baada ya siku. Utepe unaofunika vichwa vya spoki ukaguliwe, ukisogea spoki zitautoboa mpira kwa ndani. Na upepo upimwe kila asubuhi. Tairi likiwa laini, shimo la barabarani huubana mpira kwenye rimu na kuacha matundu mawili, moja kando ya jingine.

Mashindano yalifanyika Jumapili, mizunguko minane kati ya Keshero na katikati ya mji, wanawake kumi na wanne. Marie-Louise aliwahi misa ya kwanza, kisha akarudi kukaa na mumewe mbele ya ukuta, kwani barabara ya mashindano ilipita hapo hapo.

Mizunguko minne, Charline alipita akiwa wa nne. Katika mzunguko wa tano hakupita.

Marie-Louise alihesabu waliopita. Kumi na moja. Akahesabu upya. Wakapita wanaume wa pikipiki za ulinzi. Kisha barabara ikawa tupu.

“Nilichukua pampu nikasimama,” anasema. “Nilitaka kwenda kumutafuta hata kwa mbio.”

Adalbert alikamata pindo la kitenge cha mkewe. Kanuni ilikuwa wazi: atakayesaidiwa na mtu wa pembeni anatolewa. “Kaa,” alimwambia. Alipokaa, mkono wa mumewe haukuachia kitenge.

Dakika saba baadaye, Charline alitokea kwenye kona akiwa ameinama juu ya usukani. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na shavu moja pia. Alipoukaribia ukuta aligeuza kichwa na kupiga kelele:

“Jiwe, Mama! Ilikuwa jiwe!”

Akapita. Marie-Louise aliruka juu, akaupigia makofi mgongo uliokuwa ukipotea. Kujua kwamba lilikuwa jiwe kulimaanisha kwamba msichana hakubadilisha mpira tu kwa haraka na kuondoka. Alitafuta kwanza kilichomtoboa.

Charline alimaliza wa tisa. Wanawake wengine watatu waliotobokewa siku hiyo hawakumaliza. Jioni alikuja kusalimia, bado hajanawa vizuri, akakaa chini kati ya ndoo na kiti. Adalbert alikuwa na swali moja tu.

“Ulipapasa?”

“Nilipapasa, Muzee.”

Mzee aliitikia kwa kichwa, akamwekea mkono begani.

Honoré hakutafuta fundi mwingine. Sasa baiskeli zote za kikundi chake huletwa kwa Marie-Louise. Kuziba pancha ya baiskeli ya kawaida ni faranga elfu moja, ya mbio elfu mbili na mia tano, na siku nzuri huwaachia kiasi cha faranga elfu kumi na tano. Siku za mvua hupata nusu yake au hawapati kitu. Dawa za presha za Adalbert hununuliwa kwanza, anasema Marie-Louise, ndipo unga.

Jumamosi alasiri hupokea wanawake wanaotaka kujifunza. Wako saba: wawili wa kikundi cha mbio, na watano wanaobebea mboga kwa baiskeli na waliochoka kungoja wanaume wawasaidie njiani.

Lakini ana mpango wake mwingine, na anautaja akiwa ameinamisha kichwa, kama msichana. Yeye mwenyewe hajui kuendesha baiskeli. Hakuwahi kupanda hata moja.

“Nimezishika mamia,” anasema. “Lakini kukaa juu yake, hapana. Nataka kujua mbele ya Noeli kufika.”

Charline ameahidi kumfundisha, Jumapili asubuhi, kwenye kipande cha barabara kinachoshuka kuelekea ziwani, ambako magari ni machache. Baiskeli yenyewe Adalbert anaiunga kwa mkono mmoja, kwa vipuri vya kuokoteza kutoka Birere. Imebaki breki ya nyuma.

Adalbert naye ana zoezi lake. Mtaalamu wa viungo amemwagiza atembee kila siku kwa fimbo. Kutoka mlangoni mwao hadi ukutani ni hatua arobaini, na mwezi huu ameanza kuzimaliza bila kupumzika.

“Ukianguka?” Adalbert anamuuliza mkewe sasa, akiikaza skrubu ya baiskeli hiyo.

“Nitaamuka.”

“Ikitoboka?”

“Papa Guylain! Unanifundisha miaka tatu, halafu unaniuliza vile?”

Adalbert anaweka bisibisi chini. Anatafuta maneno, na Marie-Louise, kama kawaida yake, hamsaidii kuyapata. Anangoja.

“Ikitoboka,” mumewe anasema, “usiitengeneze. Tuma mutu aniite. Nitakuja. Na miguu yangu.”

Marie-Louise anatazama barabara inayoteremka kuelekea ziwani, kisha anaitazama fimbo iliyoegemea ukuta.

“Basi, mwanzo sitaenda mbali,” anasema.